Kuandaa Ombi la Ruzuku ya AFRI, Kuanzia Tangazo Hadi Jopo

Fedha nyingi za ushindani ambazo serikali ya Marekani hutoa kwa utafiti, elimu na ugani wa kilimo hupitia NIFA, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo (USDA) na iliyoanza kazi mwaka 2009. Mfuko mkubwa kuliko yote humo ni AFRI, uliozaliwa na Sheria ya Kilimo ya 2008. Sheria iliweka kikomo cha dola milioni 700 kwa mwaka, ila kiasi ambacho Bunge hutenga huwa chini ya hapo, na wanaoomba ni wengi kuliko fedha zilizopo. Usiuchanganye mfuko huu na zile fedha ambazo vyuo hupata kwa kanuni ya mgawo chini ya Sheria ya Hatch ya 1887 na ya Smith-Lever ya 1914. Zile huja kila mwaka bila chuo kushindana na kingine. Za AFRI hupatikana baada ya ombi kupimwa na jopo la wataalamu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandaa ombi la kawaida la utafiti, au mradi unganishi, yaani ule unaochanganya utafiti na elimu au ugani. Msimamo wetu ni kwamba ombi lenye sayansi nzuri huangushwa zaidi na mambo mawili: kutolenga kipaumbele cha tangazo (waraka wa NIFA unaoalika maombi), na bajeti isiyokubaliana na maelezo. Ndiyo maana hapa bajeti inakuja kabla ya maelezo ya mradi, kinyume na mazoea ya wengi.

Je, unaruhusiwa kuomba?

Kwa miradi ya utafiti pekee mlango ni mpana: vyuo vikuu, vituo vya majaribio ya kilimo vya majimbo, maabara za taifa, kampuni na mashirika binafsi, hata mtu mmoja mmoja aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani. Kwa miradi unganishi orodha ya wanaoruhusiwa hubadilika, kwa hiyo isome upya ndani ya tangazo lenyewe, usitegemee uliyosikia kwa mwenzako wa maabara ya jirani.

Taasisi ya nje ya Marekani haiombi kwa jina lake. Inaweza kuingia kama mshirika anayepewa sehemu ya fedha na chuo cha Marekani kinachoongoza, mradi kazi yake ielezwe wazi na manufaa kwa kilimo cha Marekani yaonekane. Mwanafunzi wa uzamivu asiye raia wala mkazi wa kudumu hawezi kuomba ufadhili wa AFRI wa wanafunzi wa uzamivu, lakini hakuna kinachomzuia kulipwa kama mtafiti msaidizi ndani ya ruzuku ya mwalimu wake. Hili huwachanganya wengi, na wapo waliopoteza miezi wakiandaa ombi lisilowahusu.

Angalia pia kama unaangukia kwenye kundi lenye fungu lake. AFRI ina ruzuku za kuimarisha taasisi na watafiti. Mtafiti mpya ni yule mwenye chini ya miaka mitano ya kazi baada ya masomo na ambaye hajawahi kuongoza mradi wa utafiti wa ushindani wa serikali ya shirikisho, ukiacha ufadhili wa masomo. Taasisi ndogo na za kati, zenye wanafunzi wasiozidi 17,500 na zisizo miongoni mwa zile 100 zinazopokea fedha nyingi zaidi za utafiti za shirikisho, nazo zina nafasi yao, sawa na majimbo yaliyozoea kupata kidogo. Fungu hilo lina washindani wachache. Ukilistahili, liombe kwa kuweka alama mahali husika kwenye fomu, kwa sababu hakuna atakayekuwekea.

Soma tangazo ukiwa na kalamu

Tangazo la AFRI ni refu, na kishawishi ni kuruka hadi ukurasa wa kiasi cha fedha. Lisome lote mara moja, kisha rudi kwenye eneo lako la programu na uandike mambo sita kwenye karatasi moja: namba ya eneo la programu, aina ya mradi inayokubalika, aina ya ruzuku, kiwango cha juu cha fedha, muda wa juu wa mradi, na tarehe ya mwisho. Namba ya eneo huwa ni herufi A na tarakimu nne, kwa mfano A1112, ambayo imetumika kwa wadudu waharibifu na viumbe rafiki katika mifumo ya uzalishaji. Ukikosea namba hiyo kwenye fomu, ombi lako la magonjwa ya udongo linaweza kutua mbele ya wachumi.

Kisha tafuta vitenzi. Tangazo husema maombi "lazima" yafanye hili na "yanahimizwa" kufanya lile. Kila penye lazima, andika pembeni ni ukurasa gani wa ombi lako utakaojibu. Kama hupati jibu kwa lazima moja, tafuta eneo jingine la programu. Maneno matamu hayatakusaidia.

Baadhi ya maeneo hudai barua ya kusudio wiki kadhaa kabla ya ombi lenyewe. Asiyeituma, ombi lake halipokelewi hata liwe zuri vipi. Kwenye kalenda yako, tarehe ya barua hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya kwanza.

Mwandikie mapema kiongozi wa programu ambaye jina lake limo kwenye tangazo. Mpe ukurasa mmoja: tatizo, malengo mawili au matatu, mbinu kwa sentensi chache, na swali moja tu, kama wazo hili linafaa eneo hili. Hatakuhakikishia ushindi na hatahariri rasimu, ila atakuambia kama umepotea njia. Watu huona haya kumwandikia, ilhali kujibu maswali ya namna hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Usajili, kabla ya kuandika neno lolote

Chuo kikubwa huwa kimeshasajiliwa, na kazi yako ni kuhakikisha ofisi ya miradi ya utafiti inajua unaomba. Shirika dogo, chuo kidogo au kikundi cha wakulima wenye kampuni kianzie hapa. Unahitaji usajili hai wa SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaopokea fedha zake, ambao hukupa namba ya utambulisho ya UEI yenye herufi na tarakimu 12. Namba hiyo ilichukua nafasi ya ile ya DUNS tarehe 4 Aprili 2022, hivyo mwongozo wowote unaokutuma kutafuta DUNS umepitwa na wakati. Baada ya hapo unafungua akaunti ya taasisi kwenye Grants.gov, tovuti ya serikali inayopokea maombi ya ruzuku, na kumteua mtu mwenye mamlaka ya kutuma maombi kwa niaba yake. Mkuu wa mradi hatumi ombi kwa mamlaka yake mwenyewe. Mwombaji kisheria ni taasisi.

Kinachokwamisha zaidi ni jina na anwani. Kama jina la kisheria kwenye SAM.gov halifanani na lile la kwenye nyaraka za usajili wa shirika, hata kwa nukta au kifupisho, uhakiki husimama na unaweza kula wiki kadhaa. Anza miezi miwili kabla. Na usajili huisha kila baada ya siku 365: uhuishe mapema ili uwe hai siku ya kutuma na uendelee kuwa hai muda wote wa ombi na wa ruzuku.

Bajeti kwanza

Sababu ya kuanza na bajeti ni kwamba ndiyo inayokuambia mradi wako ni mkubwa kiasi gani kwa kweli. Anayeandika maelezo kwanza huahidi vituo vinne vya majaribio na misimu mitatu, halafu hugundua siku tano kabla ya mwisho kuwa fedha zinatosha vituo viwili. Hukata tarakimu na kusahau kukata maneno, na jopo huona pengo hilo upesi.

Anza na watu. Muda wa kazi huandikwa kwa miezi ya mtu: asilimia 10 ya ajira ya miezi 12 ni mwezi 1.2, na asilimia 10 ya ajira ya miezi 9 ni 0.9. Mhadhiri anayelipwa dola 99,000 kwa miezi 9 ana mshahara wa dola 11,000 kwa mwezi, na akiomba mwezi mmoja wa kiangazi ndicho kiasi chake, kabla ya kuongeza mafao. Mkuu wa mradi anayejipangia wiki mbili kwa mwaka kusimamia wanafunzi watatu na vituo viwili vya shamba hataaminika, hata kama mbinu zake hazina dosari.

Weka ongezeko la kila mwaka. Posho ya mwanafunzi ya dola 30,000, ikiongezeka kwa asilimia 3, inakuwa 30,900 mwaka wa pili, 31,827 wa tatu na 32,782 wa nne, jumla dola 125,509. Aliyezidisha 30,000 mara nne ameshapungukiwa dola 5,509 kwa mwanafunzi mmoja, na ada haijaguswa.

Sasa gharama za uendeshaji wa taasisi, yaani mchango wa mradi kwa umeme, majengo, wahasibu na maktaba. Hapa ndipo makosa mengi ya hesabu hutokea. Sheria inazuia NIFA kulipa gharama hizo zaidi ya asilimia 30 ya jumla ya fedha za shirikisho zinazotolewa. Ni asilimia 30 ya jumla yote. Ukitaka kuanzia gharama za moja kwa moja, yaani za kazi ya mradi wenyewe, zidisha kwa 0.42857. Tuseme kikomo cha eneo lako ni dola 650,000. Asilimia 30 yake ni 195,000, hivyo zinabaki 455,000 za moja kwa moja. Anayechukua asilimia 30 ya hizo 455,000 anapata 136,500 na kukinyima chuo chake dola 58,500, na ofisi ya miradi itamrudishia bajeti akiwa hana tena muda.

Hesabu haiishii hapo, kwa kuwa taasisi hutoza kiasi kidogo kati ya viwili: kikomo hicho cha sheria, au kiwango ilichokubaliana na serikali. Kiwango cha makubaliano huhesabiwa juu ya msingi uliopunguzwa, ambao hauhesabu vifaa vya gharama kubwa, ada za wanafunzi, malipo ya washiriki wa mafunzo, wala sehemu ya fedha za mshirika inayozidi kiwango fulani. Chukua chuo chenye kiwango cha asilimia 52. Kati ya zile dola 455,000, 60,000 ni mashine na 40,000 ni ada. Msingi ni 355,000, na asilimia 52 yake ni 184,600, chini ya 195,000. Basi chuo kitatoza 184,600, jumla inakuwa 639,600, na zimebaki 10,400 hadi kikomo. Kiasi hicho kinaweza kubeba dola 6,842 za ziada za kazi, pamoja na asilimia 52 yake. Si nyingi, lakini zinaweza kulipia vipimo vya udongo ulivyokuwa umevifuta.

Taasisi isiyo na makubaliano yoyote na serikali inaruhusiwa kutumia kiwango cha chini kisichohitaji ushahidi, ambacho kilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Baadhi ya programu nyingine za NIFA zina vikomo vyao vya chini zaidi. Tangazo ndilo husema.

Kwa mradi unganishi kuna sharti jingine: uwe na angalau kazi mbili kati ya tatu (utafiti, elimu, ugani), na kazi moja isimeze zaidi ya theluthi mbili za bajeti. Kwenye ombi la dola 600,000, utafiti usizidi 400,000. Jopo hulipima hili kwa kulinganisha fedha na watu. Ukiandika kuwa ugani una dola 200,000 lakini hakuna afisa ugani mwenye mwezi hata mmoja wa kazi, umejishtaki mwenyewe.

Andika maelezo ya bajeti kwa mpangilio uleule wa fomu, na kila tarakimu ionyeshe ilikotoka: safari mara ngapi, kilomita ngapi, sampuli ngapi kwa bei gani. "Vifaa vya maabara, dola 20,000" ni mwaliko wa kukatwa.

Maelezo ya mradi

Idadi ya kurasa, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari vimo kwenye tangazo na kwenye mwongozo wa maombi wa NIFA. Vifuate hadi kwenye maelezo ya picha. Kurasa zinazozidi kikomo zinaweza kuachwa bila kusomwa, au ombi zima likarudishwa.

Muhtasari hauzidi maneno 250. Uandike mwisho, kisha uandike tena. Wajumbe wa jopo ambao hawakupangiwa ombi lako watasoma ukurasa huo na labda si zaidi, nao watakuwa chumbani wakati linajadiliwa. Taja tatizo, pengo la maarifa, malengo, na kipaumbele cha tangazo unachokijibu kwa maneno ya tangazo lenyewe.

Utangulizi usiwe historia ya zao. Sentensi ya kwamba mahindi ni zao muhimu inampotezea muda mtu anayelijua kuliko wewe. Ingia kwenye pengo: nini kinajulikana, nini hakijulikani, na kwa nini kutokujua huko kunamgharimu mkulima, mlaji au mazingira. Matokeo yako ya awali yaingie hapa, na kila mchoro uwe na kazi. Tokeo la awali linaloonyesha tu kwamba una mashine halisaidii. Linalosaidia ni lile linaloonyesha kuwa athari unayotaka kuipima ipo.

Malengo mawili hadi manne yanatosha. Hatari iliyozoeleka ni lengo la pili kutegemea lengo la kwanza lifaulu. Kama lengo la kwanza ni kutafuta jeni la ukinzani na la pili ni kulihamishia kwenye aina nyingine, mjumbe atauliza swali moja: lisipopatikana je? Panga malengo yasimame kila moja kwa miguu yake, au eleza njia mbadala kwa undani wa kutosha ionekane umeifikiria.

Mbinu ndizo hula kurasa nyingi, na ndani ya mbinu, usanifu wa majaribio na takwimu ndipo maombi ya kilimo huchinjwa. Kosa la kwanza ni marudio ya uongo. Mtu ana kitalu kimoja kilichowekwa mbolea na kimoja kisichowekwa, anachota sampuli tano za udongo katika kila kimoja, anahesabu marudio matano. Ana rudio moja tu. Kinachorudiwa ni kitalu kilichopangiwa mbolea kwa bahati nasibu. Sampuli ndani yake ni vipimo vya kitu kilekile. Vivyo hivyo kwa ng'ombe kumi walio kwenye zizi moja lenye chakula kimoja: kinachohesabiwa kuwa rudio ni zizi, si ng'ombe.

Kosa la pili ni kutumia marudio manne kwa sababu kila mtu hutumia manne. Fanya hesabu ya nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wake wa kuitambua tofauti iliyopo kweli, na uionyeshe. Kwa kulinganisha matibabu mawili (kama kuweka na kutoweka mbolea), kwa kiwango cha asilimia 5 cha hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo na nguvu ya asilimia 80, idadi ya marudio inakaribia 15.7 ikizidishwa kwa mraba wa uwiano wa mtawanyiko na tofauti unayoitafuta. Kama mavuno hutofautiana kwa asilimia 15 kati ya vitalu na unataka kuitambua tofauti ya asilimia 20, uwiano ni 0.75, mraba wake 0.5625, na jibu ni 8.8, yaani marudio tisa. Ukiwa na manne, tofauti ndogo kabisa utakayoitambua kwa uhakika huohuo inakaribia asilimia 30. Huenda huna ardhi ya vitalu tisa kwa kila tibabu. Basi gawa marudio kwenye vituo na misimu, na useme utachanganuaje data kwa mfumo unaoyatambua hayo. Hesabu hii haichukui zaidi ya mistari mitano, na mtakwimu akiwa kwenye jopo atakushukuru.

Kosa la tatu ni ukimya juu ya yasiyopendeza: ukame msimu wa pili, mdudu asiyejitokeza mwaka huo, wakulima wanaojitoa. Tenga aya ya mitego na njia mbadala chini ya kila lengo, isiwe aya moja ya jumla mwishoni yenye ahadi kwamba yote yatakwenda vizuri. Kisha weka ratiba kwa robo mwaka, na hakikisha inafuata majira ya shamba. Ruzuku inayoanza Julai haiwezi kuvuna ngano ya majira ya baridi mwezi huohuo, ila tumeziona ratiba zinazodai hivyo.

Sehemu ya elimu na ugani isiwe kiraka

Elimu kwenye mradi wa AFRI ina maana ya mafunzo rasmi yenye mtaala, na ugani una maana ya kuwafikishia maarifa wakulima na wengine nje ya darasa. Kumsimamia mwanafunzi wa uzamili ni sehemu ya utafiti. Ukiiandika kama "elimu" jopo litakukata. Andika nani atafundishwa, wangapi, watajua au watafanya nini baadaye ambacho sasa hawakifanyi, na utajuaje. Kipimo cha kabla na baada kinahitaji kipimo cha kabla, ambacho kinapaswa kuonekana kwenye ratiba na kwenye bajeti. Idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa si matokeo.

Posho na malazi ya wanafunzi wa mafunzo ya kiangazi huingia kwenye sehemu ya fomu inayohusu gharama za washiriki, tofauti na mishahara. Ukiziweka kwenye mishahara, gharama za uendeshaji zitatozwa juu yake na jumla itaharibika. Na ukipanga kuwahoji wakulima au kuwapima wanafunzi, hao ni watu wanaohusishwa kwenye utafiti. Weka alama ya ndiyo kwenye swali hilo la fomu hata kama kibali cha kamati ya maadili bado kinasubiriwa. Wanaotafiti mimea hujisahau mara nyingi hapa.

Viambatisho vinavyorudisha maombi

Mpango wa kutunza data hauzidi kurasa mbili, na unasema data gani, kwa muundo gani, zitahifadhiwa wapi na wengine watazipata lini. Kila mtafiti mkuu na mwenza anahitaji wasifu mfupi, orodha ya miradi aliyo nayo na anayoiomba, na orodha ya migongano ya maslahi. Hiyo ya mwisho huwataja walioandika naye makala au kushirikiana naye katika miaka mitatu iliyopita, pamoja na msimamizi wake wa uzamivu na wale aliowasimamia, hata kama ni zamani. Kwa orodha hiyo NIFA huchagua wahakiki, hivyo uvivu hapa huwaondoa wahakiki wazuri au humwingiza asiyefaa. Kwenye orodha ya miradi, ombi hili nalo liwemo, na jumla ya miezi ya mtu mmoja isizidi 12 kwa mwaka. Wakongwe ndio hukosea zaidi, kwa sababu wana miradi mingi.

Barua za washirika ziwe na kazi ndani yake: atatoa ekari ngapi, atapima nini, lini. Barua tano zenye aya ileile iliyobadilishwa jina hudhoofisha ombi.

Kutuma

Viambatisho vyote ni PDF, visivyo na nenosiri wala visanduku vya kujaza, na majina ya faili yawe mafupi bila alama za ajabu. Tarehe ya mwisho huishia saa 11 jioni kwa saa za mashariki mwa Marekani, na ofisi nyingi za miradi hutaka ombi siku kadhaa za kazi kabla. Tuma angalau siku mbili mapema. Barua pepe ya kwanza kutoka Grants.gov ina maana faili limefika tu; ya pili husema kama limepita uhakiki wa mfumo. Wapo waliolala baada ya ile ya kwanza na kuamka wamekataliwa kwa sababu ya kisanduku kimoja kitupu, muda ukiwa umekwisha.

Pakua ombi lilivyotumwa, ulifungue ukurasa kwa ukurasa. Alama za hisabati na michoro hupenda kuharibika wakati wa kugeuzwa kuwa PDF.

Jopo na baada yake

Ombi husomwa na wahakiki kadhaa waliopangiwa, kisha hujadiliwa na jopo zima. Kwa utafiti huangaliwa ubora wa kisayansi, uwezo wa watu, vifaa na usimamizi, na uhusiano wa mradi na kipaumbele. Mwishoni huwekwa katika moja ya madaraja matano: bora kabisa, kipaumbele cha juu, cha kati, cha chini, na lisifadhiliwe. Daraja la juu si ahadi ya fedha, maana fedha hufuata safu hadi zinapoisha.

Ukikataliwa utapata maoni ya wahakiki na muhtasari wa jopo. Soma muhtasari kwanza, kwa kuwa mhakiki mmoja mkali huweza kuwa alizidiwa hoja chumbani, na muhtasari ndio unaoonyesha hilo. Daraja la kati lenye lawama juu ya takwimu au ratiba linarekebishika. Lawama kwamba swali lenyewe halina uzito hairekebishiki kwa kubadili aya, na hapo afadhali kuandika mradi mwingine. Mpigie kiongozi wa programu baada ya kuyasoma, si siku hiyohiyo ukiwa na hasira.

Ombi linalotumwa tena huambatana na majibu kwa uhakiki uliopita, ukurasa mmoja tu. Panga hoja za jopo kwa uzito, sema umebadilisha nini na kwenye ukurasa gani, na pale usipokubaliana toa data, usitoe malalamiko. Jopo la mwaka unaofuata huwa na sura mpya, na wajumbe wapya hawafungwi na ya wenzao, hivyo ombi lisomeke kana kwamba hakuna aliyewahi kuliona. Wakati huohuo lilinganishe na tangazo jipya tangu mwanzo, kwa sababu kipaumbele ulicholenga mwaka jana kinaweza kuwa kimeandikwa upya, na kikomo cha fedha kikabadilika pamoja nacho.